Bei ya Kumsubiri Farasi

Ukwato wa farasi ni kucha, ila kucha hii hubeba mnyama wa kilo 500. Huota kuanzia juu, pale manyoya ya mguu yanapoishia, na kushuka milimita 6 hadi 10 kila mwezi. Ufa uliotokea juu kabisa, upande wa mbele, huchukua miezi 9 hadi 12 kufika chini, ambako mhunzi ataukata na kuutupa. Wa kisiginoni, ambako ukuta ni mfupi, hutoka mapema zaidi. Hakuna marhamu wala sindano iliyowahi kuifanya kazi hiyo ya mwaka iishe kwa mwezi mmoja. Farasi wa mfalme na farasi wa kukokota taka, kwato zao huenda kwa mwendo huohuo. Kwa sababu hiyo naona kwamba wanaoisimulia historia ya tiba ya farasi kama msafara wa dawa mpya wameanzia mahali pasipofaa. Dawa zilikuja, nyingine zikaenda. Kilichoamua kama farasi anayechechemea atatandikwa tena au atapelekwa kwa mchinjaji ni hesabu ya mwenyewe: kumsubiri kutanigharimu kiasi gani, na kununua mwingine kiasi gani?

Mgiriki Xenophon, askari aliyeandika kitabu kuhusu upandaji farasi katika karne ya 4 kabla ya Kristo, aliijua hesabu hiyo. Anamtaka mnunuzi aanze kukagua miguu, maana farasi wa vita mwenye kwato mbovu ni kama nyumba iliyopendeza juu lakini haina msingi. Kisha anatoa maelekezo ya uwanja wa nje ya banda: mwaga mikokoteni 4 au 5 ya mawe ya mviringo yanayojaa kiganjani, yazungushie ukingo wa chuma yasitawanyike, farasi asimame juu yake kila siku wakati wa kusafishwa. Wagiriki wa zama zake hawakupigilia viatu vya chuma, kwa hiyo ukwato ulipaswa kuwa mgumu wenyewe. Karibu yote anayoyasema kuhusu mguu ni kinga. Kuhusu farasi ambaye ameshaumia na anatakiwa kurudishwa kazini, hana mengi, na sidhani kwamba alisahau. Mtu anayejenga sakafu nzima ya mawe ili farasi asiumie ameshafahamu kwamba akiumia hasara yake haina njia ya mkato.

Kwa Warumi tunapata bei kwa tarakimu. Mwaka 301 Kaisari Diocletian alitangaza ukomo wa bei za bidhaa na ujira katika dola yake, na humo mganga wa wanyama wa kazi anaruhusiwa kudai dinari 6 kwa kila mnyama, kwa kumnyoa na kumtengeneza kwato. Kibarua wa shamba, katika orodha hiyohiyo, ni dinari 25 kwa siku pamoja na chakula. Kwa hiyo kwato nne zilitengenezwa kwa takriban robo ya ujira wa siku moja wa mtu wa hali ya chini. Hiyo ni bei ya kisu. Bei ya muda haimo katika orodha, lakini tunaipata kwa Suetonius, katika kisa chake kuhusu Kaisari Vespasian, aliyetawala mwaka 69 hadi 79. Safarini, mwendesha nyumbu wake alisimamisha msafara na kushuka eti awavishe nyumbu viatu, na papo hapo akatokea mtu mwenye kesi akapata nafasi ya kuzungumza na mtawala. Vespasian, ambaye kwa fedha hakupitwa na mtu, alimuuliza mwendeshaji amelipwa kiasi gani kwa kuvisha viatu, akadai fungu lake. Watu hukisimulia kama kichekesho cha bahili. Mimi nakiona kama ushahidi: hata msafara wa Kaisari ulijua kwamba kusimama kwa ajili ya ukwato ni muda, na muda huo una mnunuzi.

Viatu vya nyumbu hao havikuwa vya kupigilia misumari. Katika maeneo ya Ufaransa na Uingereza ya leo, wanaakiolojia wamefukua vyombo vya chuma vya Kirumi vyenye umbo la kandambili, vilivyofungwa mguuni kwa kamba au mikanda ya ngozi. Wataalamu hubishana: wengine husema vilikuwa vya kukinga ukwato kwenye barabara za mawe, wengine kwamba vilikuwa vya mgonjwa, vya kushikilia dawa na kitambaa juu ya kidonda huku mnyama akiendelea kutembea. Naelemea upande wa hawa wa pili. Chombo kile ni kizito, na ni vigumu kumwona mnyama akikimbia nacho kutwa nzima. Ila kinafaa kwa jambo moja: kumpitisha mgonjwa katika siku zake za kupona bila kumlaza bandani, yaani kupunguza bei ya kumsubiri.

Ushahidi ulio wazi kuliko wote, hata hivyo, unatoka kwenye bahari yetu ya Hindi. Mwishoni mwa karne ya 13, Marco Polo alieleza biashara ya farasi kutoka Hormuz, Dhofar, Sohar na Aden kwenda Ma'bar, kusini mwa India. Wafalme wa huko walinunua maelfu ya farasi kila mwaka kwa bei ya kutisha, na anadai kwamba mwaka ukiisha walibaki wachache mno, kwa sababu hapakuwa na mtu aliyejua kuwatunza wala kutengeneza kwato zao. Halafu anaongeza jambo ambalo ndilo hasa linanihusu: wafanyabiashara hawakuwapeleka mafundi wa farasi kule wala hawakuwaruhusu waende, ili farasi waendelee kufa na wao waendelee kuuza. Marco Polo alikuwa na tabia ya kuzidisha idadi, hilo linajulikana, na hali ya hewa ya kusini mwa India peke yake ilitosha kuua farasi wengi. Hata tukipunguza nusu ya maneno yake, mantiki ya biashara inabaki palepale. Ujuzi wa kutibu ukwato ulikuwepo, tena ng'ambo tu ya bahari hiyohiyo. Uliwekwa mbali kwa makusudi, kwa kuwa farasi aliyepona ni farasi ambaye hakununuliwa.

Kwamba ujuzi ulikuwepo si dhana. Kiarabu kilikuwa na jina la fundi huyo, baytar, lililotokana na neno la Kigiriki la mganga wa farasi, na mjini Cairo mtu aliyeitwa kwa kazi hiyo, Abu Bakr ibn Badr al-Baytar, aliyefariki mwaka 1340, alimwandikia Sultani al-Nasir Muhammad kitabu kikubwa kuhusu sanaa mbili: kutibu farasi na kumlea kwa mafunzo. Sanaa mbili, kitabu kimoja. Sultani huyo alikuwa mpenzi wa farasi kupita kiasi, na utawala wake, wa Mamluki, ulisimama juu ya askari wapanda farasi ambao mafunzo yao yalichukua miaka. Farasi aliyekwisha kufundishwa na kuzoeana na mpandaji wake hapatikani sokoni kesho asubuhi. Basi Cairo iliandika vitabu vya kupona na kupanda ndani ya jalada moja, na Ma'bar ikaendelea kununua.

Karne zilizofuata nazipita haraka. Kiatu cha kupigilia misumari kilikuwa kimeshaenea Ulaya, kikatatua tatizo la kuchakaa na kuleta mengine, maana msumari uliokosea njia nusu sentimita huingia kwenye nyama. Mwaka 1356 Meya wa London aliwakutanisha wahunzi wa farasi wa mji huo kwa sababu ya malalamiko kwamba watu wasiojua kazi walikuwa wakiharibu wanyama, akawawekea wasimamizi. Mwaka 1751 Jeremiah Bridges akatoa kitabu ambacho jina lake lenyewe lilidai kwamba bila mguu hakuna farasi. Muongo uliofuata, chuo cha kwanza cha tiba ya mifugo kikaanzishwa Lyon, Ufaransa, kwa amri ya 1761. Wanafunzi waliingia 1762. Tauni ya ng'ombe ndiyo iliyofungua mifuko ya serikali, lakini mwanzilishi, Claude Bourgelat, alikuwa mkuu wa shule ya kupanda farasi. Huyo naye alitoka upande wa wanaotaka mnyama arudi chini ya tandiko.

Hapa msomaji makini atanipinga. Ikiwa kusubiri ndiyo tiba, kwa nini wahunzi wa Ulaya walitumia karne nyingi kuchoma miguu ya farasi kwa chuma cha moto na kuwapaka dawa za kutoa malengelenge, na kwa nini wenye farasi waliapa kwamba wanyama wao walipona? Swali ni zuri, na jibu lake naliona kuwa hoja yangu hasa. Farasi aliyechomwa kano hapandiki kwa miezi kadhaa. Ngozi yake iko wazi, ana maumivu, hata bwana mwenye pupa kuliko wote hathubutu kumtandika. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Bristol walipolipima jambo hilo, wakachapisha matokeo mwaka 1983, walikuta kwamba moto haukuongeza chochote katika kupona kwa kano. Kilichomponya mnyama ni mapumziko ambayo kidonda kilimlazimishia. Mhunzi alikuwa akimuuzia tajiri muda, ila tajiri hakukubali kulipia muda mtupu. Alitaka kuona moshi.

Majeshi yalijifunza kwa njia ghali zaidi. Katika vita vya Waingereza na Makaburu, 1899 hadi 1902, jeshi la Uingereza lilipoteza farasi zaidi ya 300,000, na wachache tu kati yao waliuawa na risasi. Waliletwa kwa meli kutoka pande zote za dunia, wakashushwa Afrika Kusini wakiwa dhaifu kwa wiki nyingi za kusimama, wakatiwa kazini bila kupewa nafasi ya kuzoea malisho wala ardhi. Aliyechechemea aliachwa. Ilikuwa Ma'bar upya, na wafanyabiashara wa farasi walifurahi vilevile. Lakini mlipaji sasa alikuwa hazina ya serikali yenye makarani na bunge la kuuliza maswali, na mwaka 1903 kikosi maalumu cha tiba ya wanyama kiliundwa jeshini. Katika Vita Kuu ya Kwanza, kikosi hicho kilipokea kwenye hospitali zake za Ufaransa wanyama zaidi ya 725,000, na takriban 529,000 wakarudishwa kazini. Karibu robo tatu! Sikubali kwamba sayansi ya ukwato ilipiga hatua kiasi hicho katika miaka 12. Kilichobadilika ni kwamba kulikuwa na hospitali nyuma ya mstari wa mapigano, na maboma ya wazi ambamo farasi aliruhusiwa kukaa wiki au miezi bila mtu kumwuliza lini atatoka.

Adui mkubwa wa miguu hiyo, kwa njia, hakuwa Mjerumani. Alikuwa mpishi. Majiko ya kuvutwa ya jeshi yalichochewa kwa mbao za masanduku ya risasi, misumari ikadondoka barabarani pamoja na majivu, na farasi waliofuata nyuma wakaikanyaga. Askari walipewa amri ya kuokota misumari. Tuangalie kinachotokea msumari mmoja unapoingia. Tundu la wayo hujifunga lenyewe, kwa kuwa pembe ya ukwato ni ngumu na hubana. Nje hakuna damu, kinachoonekana ni doa jeusi tu. Ndani usaha hujikusanya usipate pa kutokea. Baada ya siku chache farasi anasimama kwa miguu mitatu, na ukishika mshipa wa nyuma ya kifundo utausikia unadunda kwa nguvu. Tabibu huosha wayo, hulifuata doa kwa kisu chenye ncha iliyopinda, akiparura pembe tabaka jembamba baada ya jingine hadi maji ya kijivu yenye harufu mbaya yanaporuka. Maumivu hupungua papo hapo. Ukwato huwekwa kwenye maji ya moto yenye chumvi, hufungwa kwa pumba za moto na kuvishwa gunia. Kazi ya kisu imechukua nusu saa. Kuota kwa wayo mpya chini ya ule uliotobolewa, hadi farasi aweze kukanyaga kokoto bila kushtuka, huchukua wiki nyingi, na hapo tabibu hana la kufanya zaidi ya kubadilisha kitambaa.

Afrika Mashariki, katika vita hivyohivyo, hesabu ilikuwa nyingine kabisa. Wapanda farasi wa Afrika Kusini chini ya Jenerali van Deventer walifika Kondoa Irangi Aprili 1916 baada ya kupoteza mamia ya farasi njiani, na miezi iliyofuata mbung'o na maradhi vikawamaliza wengine kwa kasi isiyo na mfano. Huku ukwato haukupata hata nafasi ya kuumwa. Hakuna hospitali ambayo ingemsubiri mnyama aliyekwisha kuchomwa na mbung'o, kwa hiyo mizigo ikahamia kwenye mabega ya wapagazi, na watu hao hawakusubiriwa na mtu walipougua. Jina la Kariakoo, Dar es Salaam, limetokana na la kikosi chao cha wapagazi.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Mtu atasema: unaipuuza sayansi. Pepopunda peke yake ilikuwa ikiua farasi waliochomwa na misumari hata walipopewa mapumziko ya mwaka mzima, na iliyowaokoa ni kinga iliyogunduliwa Berlin mwaka 1890 na Behring na Kitasato, ikatengenezwa kwa damu ya farasi wenyewe. Picha za eksirei nazo zilimwonyesha tabibu kama msumari umefika mfupani. Ni kweli, na siondoi hata moja. Lakini tuzitenganishe kazi mbili. Dawa ya pepopunda humzuia farasi asife, haimfanyi apandike. Eksirei hukwambia usubiri muda gani, haikupunguzii siku. Sayansi ilimwongezea mwenye farasi sababu ya kusubiri, kwa kuwa sasa alikuwa na hakika kubwa zaidi kwamba mwisho wa miezi hiyo kuna mnyama mzima. Ilibadilisha upande mmoja wa hesabu. Hesabu yenyewe ilibaki.

Pingamizi la tatu lina jina: Barbaro. Farasi huyu wa Marekani alishinda Kentucky Derby mwaka 2006, na wiki 2 baadaye, tarehe 20 Mei, alivunjika mguu wa nyuma wa kulia katika mbio za Preakness. Wenyewe walikuwa na fedha na nia. Alipasuliwa na kutunzwa katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Pennsylvania, akasubiriwa kwa miezi 8. Mfupa ulielekea kupona. Kilichomuua kilianzia kwenye ukwato wa mguu ule mwingine wa nyuma, ambao haukuumia. Ulibeba uzito wa wawili, na vikunjo laini vinavyoushikilia mfupa ndani ya ukuta wa ukwato vikavimba na kuachia. Julai sehemu kubwa ya ukuta huo ililazimika kuondolewa, na tarehe 29 Januari 2007 akauawa ili asiteseke. Je, hapa si kusubiri kulikoshindwa? Ndiyo, na kisa hiki kinanilazimisha niiseme hoja yangu kwa usahihi zaidi. Kwa mnyama aliyeumbwa kusimama, muda si kitu kitupu. Kila siku ya kumpumzisha mguu mmoja inatozwa kwa mguu mwingine. Mwenye kusubiri hununua muda na pia kazi ya kuugawanya uzito: viatu vya kuegemeza, sakafu laini, kumtembeza kabla hajatamani. Fedha huweza kununua hayo yote na bado zikashindwa. Anayekosa fedha hafiki hata kwenye hatua ya kushindwa.

Sehemu ambayo vitabu vya kale vimeipa nafasi ndogo ni siku za mwisho, za kurudi kwenye tandiko, na huko ndiko farasi wengi huharibiwa mara ya pili. Kidonda kimefunga, mnyama ana nguvu nyingi za kutokufanya kazi, mpandaji ana hamu. Utaratibu unaofuatwa leo haumshangazi mtu yeyote: kwanza kutembezwa kwa kamba kwenye mstari ulionyooka, ardhi tambarare; kisha kupandwa kwa hatua za kawaida; kisha mwendo wa matiti kwa dakika chache; shoti na mizunguko mifupi baada ya yote. Kinachoangaliwa ni kichwa. Mguu wa mbele unaouma ukikanyaga, kichwa huinuka kuupunguzia uzito. Mzima ukikanyaga, huinama. Farasi hawezi kuficha hilo kwenye barabara ngumu. Mwaka 2008 Big Brown, mshindi mwingine wa Kentucky Derby, alipata ufa kwenye ukwato kabla ya mbio za Belmont. Ulishonwa kwa waya na kuzibwa, akapumzishwa siku chache, akakimbia, na akawa wa mwisho. Wapo waliolaumu joto, wapo waliolaumu kiatu kilicholegea, na sina haja ya kuwaamulia. Natazama kalenda tu: mbio zilikuwa tarehe 7 Juni kwa sababu zimepangwa tarehe 7 Juni, na ukwato haukuwa umeulizwa.

Pwani yetu farasi ni wachache, lakini punda ni wengi, na ukwato wake hufuata kanuni hizihizi. Lamu, ambako mchanga, mawe na saruji hupita vichochoroni juu ya mgongo wa punda, shirika la Uingereza la Donkey Sanctuary lilifungua kituo mwaka 1987 na kuanza kutibu wanyama bila malipo. Lilikuwa jambo jema, na kisu, dawa na tabibu vilipatikana bure. Lakini punda mwenye usaha ukwatoni akiambiwa apumzike wiki 3, mwenyewe hupoteza pato la wiki 3, na hakuna anayemrudishia. Anayetaka punda hao wapone vizuri aanze kwa kuwalipa wenye punda siku hizo.